Tuokoe CD zetu, lakini pamoja na majina yake

Pale Kabambare, karibu na soko, kuko kibanda kimoja chenye pano ya jua juu ya mabati. Ndani mna meza, ordinatere moja ya zamani yenye lektere ya CD, na kijana mumoja anayechaji simu za watu na kuwatilia miziki. Siku tulipopita pale, mama mumoja alifika na CD aliyoifunga ndani ya kipande cha kikwembe. Zilikuwa nyimbo za kwaya ambamo marehemu bwana yake alikuwa anaimba na kupiga gitaa. Mutoto wao yuko Lubumbashi na anaziomba. CD yenyewe ilikuwa imeanza kurukaruka.

Kijana aliitia ndani ya ordinatere, akabonyeza, akangoja. Nyuma ya dakika chache akasema:

– Mama, iko tayari. Nimetia yote mu karte.

Mama akaomba aone. Kwenye kioo kulikuwa maneno haya tu: «Artiste inconnu», «Album inconnu», kisha «Piste 1», «Piste 2», «Piste 3», vile mupaka «Piste 11». Mama si mutu wa masomo mingi, lakini jina la bwana yake anajua kulisoma. Akatafuta toka juu mupaka chini.

– Mutoto wangu, na jina ya baba iko wapi?

– Mama, jina haikuingia. Inaingiaka tu muziki.

Kijana hakusema uongo, na kazi yake aliifanya sawa anavyoijua. Lakini lile ulizo la mama ndilo linatufanya tuandike leo. Siku hizi, toka Kasongo mupaka Salamabila, watu wanatoa nyimbo ndani ya CD na kuzitia mu ordinatere, mu flashi, mu simu. Ni kazi njema, na inabidi kufanywa haraka. Lakini vile tunavyoifanya, tunaokoa sauti na tunamupoteza mwenye sauti. Nyuma ya miaka 20 watoto wetu watasikia mutu anaimba, na hakuna atakayejua ni nani.

CD ipi iko mu hatari?

Kabambare ni kituo cha zamani. Mu karne ya 19 misafara iliyotoka Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika ilipumuzika hapa mbele ya kufika Kasongo na Nyangwe. Kiswahili chetu chenyewe kilikuja kwa njia ile. CD pia zilikuja kwa njia ile: toka Uvira na Baraka, kwa kupitia Misisi, juu ya baiskeli na pikipiki, ndani ya mifuko pamoja na chumvi, sabuni na vikwembe. Zingine zilitoka Lubumbashi kwa gari-moshi, ao Kindu. Wachimbaji wa zahabu wa Namoya na Salamabila walikuwa wanunuzi wakubwa. Mutu akipata kitu kidogo kwenye kisimo, jioni ananunua bia na CD.

Wakati ule tuligombana sana juu ya Wenge Musica, iliyopasuka mu mwaka 1997: nani ni wa JB Mpiana, nani ni wa Werrason. Watu waliacha hata kusalimiana. Lakini tusidanganyane. CD za Wenge, za Koffi Olomide, za Papa Wemba, za Franco haziko mu hatari. Zilitengenezwa kwa maelfu, na leo kila mutu mwenye mega anazipata kwenye intaneti. CD yako ya Franco ikivunjika, Franco hajapotea.

Zinazopotea ni zingine. Ni kwaya ya parokia iliyokwenda kuimba mu studio ndogo ya Kindu ao Bukavu na kurudi na CD 30. Ni kaswida za vijana wa musikiti wa Kasongo, zilizorekodiwa siku ya Maulidi. Ni ngoma na nyimbo za Kibangubangu zilizochukuliwa siku ya ndoa ao ya matanga. Ni muzee aliyepiga likembe mbele ya mutu mwenye mashini, na kisha akafa. Hizi hazikuuzwa Paris. Ziligraviwa moja-moja mu ordinatere ya mutu, zikaandikwa kwa bic, zikagawiwa kwa wajomba na mashangazi. Kama leo zimebaki tatu, basi ni tatu tu mu dunia nzima.

Kwa nini CD inakufa?

Wengi wanafikiri CD ni kitu cha milele kwa sababu inangaa. Si vile. CD ilitoka mu mwaka 1982, kazi ya Philips na Sony, na ile ya kiwandani inaweza kudumu miaka mingi ikilindwa vizuri, kwa sababu alama zake zimepigwa ndani ya plastiki kwa muhuri. Lakini CD ya kugrava si sawa. Ndani yake kuko rangi maalum, na ordinatere inaichoma kwa mwanga wa lazeri ili kuandika muziki. Ile rangi haipendi jua, joto wala unyevu. Sisi tunaiweka wapi? Juu ya kabati chini ya mabati, ao kwenye dirisha. Miaka inapita, na siku moja lektere inasema hakuna CD ndani.

Kuko kosa lingine. Tunachunga upande wa chini, ule unaongaa, na upande wa juu tunauzarau. Kumbe muziki uko karibu sana na upande wa juu, chini ya ngozi nyembamba ya rangi. Ukiukwaruza kwa musumari ao ukiandika kwa bic ngumu, umekata wimbo wenyewe. Mukwaruzo mudogo wa chini, mara nyingi unaweza kusafishwa. Wa juu hauna dawa.

Tena mashini za kusoma CD zinakwisha. Ordinatere mupya nyingi haziko na lektere. Redio-CD za mu nyumba zimekufa, na fundi anasema kipande hakipatikani. Kwa hiyo hata CD iliyo nzima itakuwa kama barua iliyofungwa ndani ya sanduku lisilo na ufunguo. Zile ordinatere za zamani mu vibanda vyetu, zenye kelele na vumbi, ndizo ufunguo uliobaki.

Kunakili vizuri ni namna gani?

Hapa tuseme kidogo mambo ya ufundi, kwa sababu makosa mengi yanatoka kwa kutokujua.

Kwanza, usafi. Pangusa CD kwa kitambaa laini, chenye maji kidogo safi, toka katikati kwenda pembeni, moja kwa moja. Usizungushe kama unasafisha sahani.

Pili, usikimbize. CD yenye mikwaruzo inasomwa vizuri zaidi polepole. Kuko programu zinazopatikana bure, kama Exact Audio Copy, ambazo zikifika pahali pabaya zinarudia kusoma mara nyingi mupaka zipate jibu moja, na mwishoni zinakuambia wimbo gani haukutoka sawa. Kijana wa kibanda anaweza kuipata mara moja tu akienda Kasongo ao Kindu, kisha akaitumia miaka yote bila intaneti.

Tatu, na hapa ndipo tunaharibu zaidi, ni uzito wa fishie. Muziki wa CD, kama ulivyo, unakula karibu mega 10 kwa dakika. CD ya saa moja ni kama mega 600. Ukiitia mu MP3 ya chini, ile wanayoiita 128, saa moja inakuwa kama mega 60 tu. Ndiyo maana vijana wanapenda ile: karte ndogo inabeba nyimbo nyingi, na muteja anafurahi. Lakini mega zile zingine hazikukunjwa, zilitupwa. MP3 inatupa sauti ambazo inazani sikio halitazikosa. Mu simu ndogo pale sokoni huwezi kusikia tofauti. Ukija kuipiga mu redio ao kwenye baffle kubwa siku ya sikukuu, utasikia kayamba imekuwa kama mafuta yanayokaanga.

Na kile kilichotupwa hakirudi. Mupunga ukisha kusagwa unga, hauwezi kuurudisha kuwa mupunga. Wengine wanachukua MP3, wanaigrava tena kama CD ya muziki, mwingine anaichukua ile CD na kuifanya tena MP3. Kila mara kinapotea kitu, na mwishoni sauti ya mwimbaji inakuwa kama ya mutu aliye ndani ya pipa.

Shauri letu ni hili. Kwa nyimbo za kusikiliza kila siku, tia MP3 upendavyo, na ukiweza chagua 320 (kama mega 140 kwa saa). Lakini kwa CD isiyopatikana pengine, ile ya kwaya, ya kaswida, ya muzee wa likembe, fanya kwanza nakala moja ya FLAC. FLAC inakunja muziki bila kutupa kitu, na inakula karibu nusu ya nafasi, kidogo juu ao kidogo chini. Flashi ya giga 32 inaweza kubeba CD kama 80 za namna ile. Ile ndiyo mbegu. Toka ndani ya FLAC unaweza kutoa MP3 wakati wowote, lakini kurudi nyuma haiwezekani.

Jina haliingii peke yake

Sasa turudi kwa mama na ulizo lake. Kwa nini jina halikuingia?

Kwa sababu CD nyingi za muziki hazina majina ndani yake. Zina sauti, na zina hesabu ya nyimbo na urefu wake, basi. Unapoona ordinatere ya mutu wa Kinshasa ao wa Ulaya inaandika yenyewe jina la mwimbaji, si CD iliyoiambia. Programu imeuliza kwenye intaneti: «CD yenye nyimbo 11, zenye urefu huu na huu, ni ya nani?» Kule kuko orodha kubwa ambazo watu wamejaza, na jibu linarudi. Kama hakuna intaneti, hakuna jibu. Na hata intaneti ikiwapo, hakuna mutu aliyekwenda kuandika kule kwaya ya Kabambare. Mara zingine inaleta hata jibu la uongo, juu CD mbili zimepatana urefu, na kaswida yako inapewa jina la mwanamuziki wa inchi nyingine.

Kwa hiyo ni mukono wa mutu tu unaoweza kuandika. Kazi yenyewe si ngumu. Ndani ya Windows unabonyeza fishie kwa upande wa kuume, unachagua «Propriétés», kisha «Détails», na pale kuna nafasi ya kuandika mwimbaji, jina la wimbo, mwaka. Vile jina linakaa ndani ya fishie yenyewe. Mutu akibadilisha jina la inje, lile la ndani linabaki. Dakika kumi zinatosha kwa CD nzima. Lakini inaomba kitu kimoja ambacho ordinatere haiwezi kufanya: kumuuliza mwenye CD, «Mama, huyu ni nani? Anaimba kwa luga gani? Ilikuwa wapi, mwaka gani? Nani alipiga gitaa?»

Tuone mufano. Mu mwaka 1952 Mwingereza mumoja, Hugh Tracey, alipita Katanga na mashini ya kurekodi. Pale Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, alikutana na kijana mumoja mwenye gitaa, Mwenda Jean Bosco, na akamurekodi wimbo «Masanga». Leo wapiga gitaa wa Ulaya na Amerika wanajifunza kupiga kama Mwenda wetu. Ni kwa sababu alikuwa fundi, ndiyo. Lakini pia ni kwa sababu Tracey hakuchukua sauti peke yake. Kwa kila wimbo aliandika karatasi: jina la mwimbaji, pahali, luga, chombo, tarehe. Mu mwaka 1954 alianzisha nyumba ya kutunza ile miziki kule Afrika ya Kusini, na zile karatasi ziko mupaka leo. Mu jumba la Tervuren, kule Ubelgiji, wamekwisha kutia mu ordinatere sauti zilizochukuliwa mu Kongo juu ya mitungi ya nta na Hutereau, mbele ya vita vya 1914. Miaka zaidi ya 100, na tunajua zilitoka wapi, kwa sababu mutu aliandika.

Haifai tungoje muzungu mwingine mwenye mashini. Mashini iko pale sokoni, na kijana wa kuitumia yupo. Kinachokosekana ni karatasi.

Mwandishi wa maneno haya hasemi kama mutu asiye na kosa. Zamani kidogo nilikuwa na CD zangu ndani ya katoni moja, zingine za rafiki waliozirekodi wenyewe. Nilizitia zote mu ordinatere kwa siku moja, kwa haraka, MP3 ya chini, kisha CD zenyewe nikazigawa. Leo niko na fishie mamia zinazoitwa «Piste 1» mupaka «Piste 14», ndani ya dosie nyingi zinazoitwa «Album inconnu». Kuna sauti moja mule ninayoipenda sana, ya mwanamuke anayeimba peke yake na ngoma. Nimewapigisha watu wengi. Hakuna anayemujua, na CD yake siikumbuki nilimupa nani.

Na haki ya mwimbaji?

Wengine watatuambia: munawafundisha vijana wizi. Ni ulizo la haki, na tulijibu.

Sheria ya inchi yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki ya mutunzi, na tangu 2011 kuko SOCODA iliyopewa kazi ya kukusanya feza za watunzi. Kutoa nyimbo ndani ya CD yako ili zisipotee, na kumutumia mutoto wako, ni jambo moja. Kuuza kila siku nyimbo za mutu kwa karte, bila yeye kujua, ni jambo lingine, na tusiyachanganye. Tunajua kijana wa kibanda analipa esansi ya grupu wakati jua halipo, na analisha watoto kwa ile kazi. Hatusemi afungiwe mulango. Lakini mwimbaji wa pale pale Kabambare, anayepita mbele ya kibanda na kusikia wimbo wake unauzwa, naye ana watoto.

Tunaona njia moja rahisi. Mwimbaji wa muji alete yeye mwenyewe nyimbo zake kwa kibanda, nzuri, zenye majina. Wapatane: kwa kila mutu anayetiliwa zile nyimbo, sehemu kidogo inawekwa pembeni kwa ajili yake. Haitamutajirisha. Lakini ili kugawa feza inabidi kwanza kujua wimbo ni wa nani. Wimbo wa «Artiste inconnu» hakuna anayeweza kuulipia, hata mwenye moyo mwema. Kwa hiyo anayefuta jina la mwimbaji anafuta pia sahani yake.

Tunachoomba

Mu Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo mu orodha ya mali ya watu wote. Tulifurahi. Lakini rumba si muziki wote wa Kongo, na mali ya Kabambare hakuna atakayeiandika kama si watu wa Kabambare. Basi tunaomba:

Vijana wa vibanda: muwe na daftari moja. Kwa kila CD isiyo ya dukani, muandike majina mbele ya kubonyeza. Mukiomba franka kidogo zaidi juu ya ile kazi, ni haki yenu.

Viongozi wa kwaya, maimamu, wakubwa wa ngoma: mutafute leo nani ana CD ya kundi lenu. Mukae pamoja na wazee siku moja, musikilize, muandike. Muzee akifa, lile daftari halitapata tena mwalimu.

Redio za muji: mupokee nakala, muzichunge, na mukizipiga mutaje jina la mwimbaji, kila mara.

Na sisi wote: tusitosheke na nakala moja. Flashi nayo inakufa, tena bila kuaga. Tuweke mbili, mu nyumba mbili, na ikiwezekana mu miji miwili, moja hapa na moja Kasongo ao Kindu. Tuliokimbia mu 1996 na 1998 tunajua nyumba moja ni nini: unarudi, unakuta majivu. Na mara moja kwa mwaka tuzifungue, tuone kama bado zinaimba. CD yenyewe usiitupe hata ukisha kuinakili.

Pale kibandani, kijana alikaa kimya kidogo nyuma ya ulizo la mama. Kisha akavuta kiti, akasema: «Mama, ikala hapa. Unitajiye.» Mama akataja jina la bwana yake, na la aliyepiga ngoma, na la dada mumoja wa sauti ya juu aliyeolewa upande wa Luama. Kijana akaandika kwa kidole kimoja. Kwa wimbo wa saba mama hakukumbuka jina, akauimba polepole ili alitafute, na watu waliokuwa wanangojea simu zao wakamusaidia. Kazi ya dakika kumi ilichukua saa nzima, na kijana hakuomba kitu zaidi.

Kama uko na CD ya namna ile mu nyumba yako, wiki hii uitoe pale juu ya kabati.